Kwa Nini Naegesha Gari Mteremkoni

Mjukuu wangu Mwende,

Hapa kijijini Nunguni tuko salama, na mbuzi wako amezaa mapacha. Umeniuliza kwa nini naegesha gari mteremkoni ilhali betri ni mpya.

Nilikuwa nimemaliza shule, msichana wa maneno machache. Trekta ya baba ilikuwa imelala miaka mingi, kuku wakitaga kitini. Baba alisema isipowaka kabla ya mvua ataiuza kama chuma chakavu. Tuliifungua yote, tukaiosha kwa dizeli, tukaifunga tena. Betri ikakataa. Majirani wakaisukuma hadi kwenye mteremko, mimi nikiwa usukani.

"Huyu wa vitabu ataiweza?" Mutua, jirani yetu, akacheka.

"Vitabu vimeisha. Sukuma!" nikamjibu.

Ikaanza kuteremka, baba akikimbia kando. "Bado! Bado! Sasa, achia klachi!"

Nikaachia. Ikashtuka, ikakohoa moshi mweusi, ikanguruma! Nikapiga kelele ambayo sikujua ninayo.

"Usizime!" baba akaita, akirusha kofia juu. "Pitiliza hadi shambani!"

Mvua ilinikuta nikilima.

Kwa hivyo si betri, Mwende. Kila asubuhi nikiachia breki, gari linapoanza kuteremka lenyewe, namsikia baba akikimbia kando yangu.

Susu wako, anayekungoja likizo ukae usukani