Mume Wangu Anapanda Michikichi Kwenye Kiwanja cha Marehemu Baba

Mpendwa Shangazi Marcelina, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya nyumba yetu mpya, mume wangu yuko pale mbele anamwagilia miche yake, na kila akiinama moyo wangu unashtuka, kwa hiyo naomba msaada wako kabla sijafanya jambo la kunitia aibu mbele ya ndugu zangu.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, kwetu ni hapa juu ya Katonga, wazee wetu walivuka ziwa kutoka Kongo, na mume wangu Gervasi ni Muha wa upande wa Kasulu, fundi ujenzi, mpole, hanywi, na huo upole wenyewe siku hizi ndio unanitisha. Tulikuwa tumepanga kule chini karibu na maji, ziwa likapanda, likaingia jikoni, likaingia chumbani, mwisho godoro tukawa tunalala nalo juu ya meza, ndipo mama yangu akatuonea huruma akasema kile kipande cha mteremko alichoacha marehemu baba kipo wazi, njooni mjenge. Nilifurahi sana Shangazi, sikujua kwamba najitafutia maneno, maana siku ya kwanza tu watu walipomwona Gervasi anachimba msingi kwa wakwe zake wakaanza kuulizana huyu kaoa au kaolewa.

Kaka yangu mkubwa, Jean, ana tanuru la matofali, akasema atatupa ya kuchoma kwa bei ya ndugu, Gervasi akakataa kwa heshima, akasema atatumia matofali ya kushindilia kwa mashine ya mkono, udongo wa hapohapo kiwanjani na saruji kidogo, hayachomwi, na akaongeza kwamba mteremko wote huu umebaki kipara kwa sababu miti imeishia kwenye matanuru. Jean alicheka, lakini alicheka kwa meno tu.

Basi nyumba ikajengwa, na Gervasi akaigeuza ubavu, upande wa ziwa ambako kila mtu hapa anatamani dirisha kubwa yeye akaweka vidirisha vidogo, madirisha makubwa akayapeleka kwingine, paa akalitoa nje sana kama kofia ya pama, nikamuuliza kwa nini, akaniambia, "Mama Scola, jua la jioni ndilo linalopika nyumba." Nikanyamaza, lakini nikajiuliza mtu anayeweka madirisha madogo anaficha nini. Na kweli majirani mchana wanakaa nje wanajipepea na kanga, sisi ndani kuna ubaridi, nalala usingizi mzuri kuliko maisha yangu yote, mpaka huo usingizi nao nikaanza kuutilia shaka.

Sasa lililonifanya nikuandikie ni miche. Alipomaliza kuezeka hakupumzika, akachimba makinga maji kuvuka mteremko, halafu akaleta miche ya michikichi, akaipanda upande wa ziwa na upande wa juu, kwenye mpaka kabisa Shangazi, palepale ambapo wazee wakitaka kuweka alama huweka mti. Hakuniuliza mimi, hakumuuliza mama. Nilipomgusia akasema nyumba haiishii ukutani, akasema ukuta wa udongo usiochomwa adui yake ni maji, na bila kitu cha kushika huu mteremko mvua itashuka na kula msingi, na bila kivuli upande wa ziwa tutaokwa. Maneno mazuri, lakini wewe unajua kwetu mchikichi si ua.

Mama alipoteremka kuiona hata chai aliikataa, akazunguka mara moja akiwa ameshika kiuno, ndipo akaniambia, "Elida, mutu hapandi muchikichi mahali atatoka kesho. Ule bwana yako ameshapanda muguu yake." Kisha akapanda kwenda kwake, na tangu siku hiyo Gervasi akimsalimia anajibu akiangalia pembeni. Jean naye ametoa kauli kwamba mvua ya kwanza isiikute ile miche, Gervasi aing'oe kwa mkono wake, la sivyo familia itakaa kikao na sisi tutatafuta pa kwenda. Nimemwambia Gervasi, amesema miche iking'olewa yeye hawezi kulala humo na mtoto akisubiri mteremko uje chumbani.

Na kuna lingine sijamwambia mtu. Nilimsikia akiongea kwenye simu na dada yake Yunisi aliyeko Mwandiga, akamwambia, "Hapa ndipo tumefika, mimi hapa sitoki tena." Tangu siku hiyo akienda kazini ananiachia maagizo nimwagilie miche kwa maji ya kuoshea vyombo, mimi naitikia, halafu namwaga maji kando. Mmoja ulio karibu na bafu umekauka, akaniuliza ni mchwa au nini, nikamwambia ni mchwa.

Shangazi, nampenda mume wangu, lakini sijui alinioa mimi au anakioa kiwanja cha baba. Niing'oe mwenyewe yaishe, au niiache nionekane nimeuza urithi wetu kwa mume? Mvua imekaribia, mawingu yameanza kukusanyika upande wa Kongo.

Mama Scola, Katonga

SHANGAZI MARCELINA ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimshuku mumeo. Mara ya pili nikawashuku watu wengine wawili, na mmoja wao ni wewe.

Nianze kwa kukutetea, maana wasomaji wa mbali watakucheka, watasema mwanamke gani huyu anaogopa miche. Mimi nimekulia Mwandiga, sikucheki. Kwetu ukiazimwa shamba unalima maharage, mahindi, mihogo, unavuna, unashukuru. Siku unayochomeka mti wa miaka mingi umefungua kesi, hata kama ulitaka kivuli tu. Mama yako anajua anachosema. Na Gervasi ni Muha, kakulia mkoa huuhuu, hawezi kuniambia mimi kwamba hakujua. Kupanda mpakani bila kumwambia mama mkwe ni kosa, na nataka uende umwambie kwamba Shangazi kasema ni kosa.

Tena nina swali lake. Kama haja ni kivuli cha haraka upande wa ziwa, kwa nini mchikichi? Mgomba na mpapai vingekupa kivuli mapema zaidi, na sijasikia mtu aliyedai kiwanja kwa sababu ya mpapai. Kushika udongo nako, mchaichai ukipandwa kwenye kingo za yale makinga maji unashika vizuri sana, unachuma na ya chai, na haujawahi kumrithisha mtu kitu. Inawezekana alipanda michikichi kwa sababu ndiyo miche aliyoipata, siku hizi imejaa mkoani. Inawezekana pia ana lake. Sijui, na wewe hujui, kwa sababu katika barua ndefu namna hii hukuniandikia mahali ulipokaa naye ukamuuliza waziwazi, "Baba Scola, unataka nini na hapa kwetu?" Unamgusia, unanyamaza, unakwenda kusikiliza simu. Kuhusu hiyo simu, mtu ambaye ziwa limemfuata mpaka kitandani akisema hapa sitoki tena, mimi nasikia mtu aliyechoka kuhama.

Nyumba yenyewe usiitafutie mchawi. Vidirisha vidogo upande wa jua la jioni, paa refu, ukuta mnene wa udongo, huo ndio ubaridi wako. Mwanaume kafikiria utalalaje mchana wa jua kali, wewe umelala vizuri na umeamka na shaka. Acha.

Sasa kaka yako. Umemtaja Jean kwa kupita tu, lakini mimi nimesimama hapo. Huyu ana tanuru. Shemeji kakataa matofali yake, tena kamwambia usoni kwamba tanuru ndilo lililonyoa mlima. Leo huyohuyo anataka miche ing'olewe kabla ya mvua. Mwanangu, miche iking'olewa na mvua ikala msingi, Katonga nzima itasema nini? Itasema matofali yasiyochomwa hayafai, nendeni kwa Jean. Sisemi kwamba ndivyo alivyopanga. Nasema anayekuamrisha ung'oe mti, muulize kwanza yeye amepanda upi.

Na wewe. Unaushindisha mti kiu mpaka unakufa, halafu unawasingizia mchwa. Unaogopa mumeo anafanya mambo kimyakimya, na wewe unafanya nini na ile beseni ya maji? Najua kwa nini unafanya hivyo, na nitakwambia hata kama itauma. Unaandika "urithi wetu", lakini mama yako alisema "njooni mjenge". Hakusema kipande hiki ni cha Elida. Hujui pale ni pako au umeazimwa kama Gervasi, na badala ya kumuuliza mama yako umeamua kumchunga mumeo. Hofu yako umeibebesha miche.

Basi fanya hivi, na ufanye wiki hii. Panda kwa mama yako peke yako, mpigie magoti, mwombe aseme kile kipande ni cha nani. Akisema ni chako, mwombe aje ayarudie maneno hayohayo kiwanjani, Jean akiwepo na mwenyekiti wa mtaa akiwepo, wasikie kwa masikio yao. Akisema si chako, bora ulijue sasa kabla hujaongeza hata tofali moja.

Siku hiyo michikichi ya mpakani itolewe kwa uangalifu, na mizizi na udongo wake. Irudishwe ndani ya kiwanja, mbali na mpaka na mbali na ukuta, na mama yako aishindilie mwenyewe kwa mkono wake. Kwenye kingo za makinga maji mpande mchaichai, upande wa ziwa mtangulize migomba na mipapai, mteremko ushikwe na nyumba ipoe. Mti uliopandwa na mama, Jean hawezi kuung'oa na Gervasi hawezi kuudai. Kivuli kitakuwa kilekile.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wako jembe analo tayari, kwa hiyo mwambie ampe mama jembe, halafu usiangalie uso wake, uso mtu anaweza kuupanga. Angalia mkono. Anayetaka kivuli atauachia mpini upesi na kwenda kutafuta maji. Anayetaka kiwanja atakuwa na maelezo marefu, na hapo utakuwa na haki ya kuniandikia tena.

Akienda kutafuta maji, mwanangu, usimwache aende peke yake. Ndoo ya kwanza ibebe wewe, na njiani umwambie habari ya mchwa.