Kichupa cha Nafasi ya Kwanza

Mumbuni, Agosti 1998

Dada Sumayya,

Machakos nzima hakuna mtu anaweza endesha mashine ya kupima dawa ya wadudu kwa maharagwe kama mimi, na darasa la saba sikumaliza. Wenye digrii wakiuliza, "Kompyuta iko wapi?" nawaambia kompyuta ni mimi. Nabonyeza vitufe, nafungua gesi, napanga vichupa kwa sahani ya duara, halafu sindano inavinyonya kimoja kimoja. Kalamu inachora: mstari ukilala, maharagwe ni safi; ukipanda mlima, yako na dawa.

Mama ni mzima. Shemeji bado anakoroma kama pampu ya kisima?

Lakini dada, tangu ile Ijumaa nilipopima maharagwe ya huko kwenu sielewi. Karatasi ya mwisho ilichorwa na pale hapakuwa na kichupa. Nikasema mashine imezeeka. Leo mkubwa wangu, Bwana Samatar, ameniuliza, "Faki, nafasi ya kwanza uliweka kile kichupa cha kusafisha sindano?"

Nikacheka. Kupima kichupa hakina maharagwe, si ni kuharibu gesi?

Kumbe mashine haijui majina, inahesabu nafasi tu. Kwa orodha wa kwanza ni kile kichupa, shemeji ni wa pili. Mimi nilimweka wa kwanza. Ule mlima uliofanya mkafukia maharagwe yenu ya msimu mzima ni wa jirani yenu, aliyemfuata kwa sahani. Karatasi ya shemeji ni ile ya kwanza, na mstari umelala kabisa. Yalikuwa safi, dada. Ni mimi.

Mdogo wako,
Faki