Kunyamaza Nako Kunasomewa Chuo Kikuu?

Murungu, Kibondo
9 Juni 2014

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na naahidi kueleza yote bila kuficha, hata yale ya kumwaibisha shangazi yangu Pelagia. Nimemaliza kidato cha sita mwezi uliopita na natamani kusomea ustawi wa jamii chuo kikuu, ule upande wa kutetea watoto waliopatwa na mshtuko, kwa sababu tunaishi na Kezia, binti wa marehemu dada yangu, ana miaka saba, na nyumba yao ilipoungua mama yake akiwa ndani, yeye peke yake ndiye aliyeona. Huku kwetu mgeni wa msiba haketi mpaka asimuliwe kifo kilivyokuwa, na wazee kwa busara zao wakaona msimulizi bora ni yule aliyeshuhudia, basi kila aliyeingia na mkungu wake wa ndizi, Kezia aliitwa, "Njoo mama, mwambie babu moto ulianzia wapi," akasimulia na kusimulia mpaka siku moja akanyamaza, na waombolezaji wakasikitika sana kwamba mtoto amekuwa na kiburi.

Mimi nilikuwa shuleni. Niliporudi sikumuuliza kitu, tulikaa tu jikoni tukichambua maharage, kwa sababu Mwalimu Firdausi, mwalimu wetu wa ushauri, alitufundisha kwamba mtoto aliyeumia hasukumwi, na siku moja Kezia akasema, "Mama mdogo, haya yenye wadudu tunatupa?" Sentensi nzima, Mshauri. Nilitaka kulia lakini nikajibu kwamba tunawapa kuku. Kumbe shangazi alikuwa mlangoni, akatoka mbio kutangaza kwamba mtoto amefunguka, na kwa furaha yao wakamweka kwenye kigoda mbele ya majirani asimulie moto upya, maana kuna waliokosa mara ya kwanza. Tangu hapo hajasema tena.

Nilipomwambia Baba kwamba nataka kusomea kukaa na watoto kama Kezia, akanicheka. "Mwanangu, elimu yako imeisha kabla ugali haujaiva." Nikamwambia inasomewa miaka mitatu. "Kunyamaza na mtoto? Bibi yako kanyamaza maisha yake yote ya ndoa, mbona hakuvishwa joho?" Anataka niende chuo cha ualimu Kasulu, kule angalau watu wanasema. Na Jumapili ya mwisho wa mwezi huu mjomba Melkiadi anakuja kutoka Kasulu, hakuwahi mazishi, na shangazi ameshaosha kigoda.

Je, kuna haja gani ya kwenda kusomea jambo lililonishinda jikoni kwetu? Tafadhali nijibu kabla mjomba hajafika.

Mwanafunzi, Murungu

*

Binti wa Murungu,

Pole kwa kufiwa na dada yako. Katika barua yote hiyo sioni aliyekupa pole wewe, pengine kwa kuwa wote walikuwa kwenye foleni ya kusikiliza.

Sasa nikukaripie. Unasema limekushinda. Nani kakudanganya? Mtoto alisema. Waliomnyamazisha ni watu wazima wenye huruma nyingi, na huruma ya namna hiyo haikosi kigoda. Wewe ulijua kukaa na Kezia, hukujua kuwazuia waliokuwa mlangoni. Hilo la pili ndilo linalosomewa, na kwa jinsi ninavyomsikia shangazi yako, miaka mitatu huenda isitoshe.

Baba yako mwambie ualimu ni kazi njema. Kuhusu bibi, muulize kwa upole kama kuna mtu aliyewahi kutaka kujua kwa nini alinyamaza. Kisha omba ustawi wa jamii kwanza, ualimu uwe chaguo la pili, na Mwalimu Firdausi aje azungumze na baba yako, maana wazazi wengine humsikia binti yao vizuri zaidi akisemewa na mgeni.

Na hiyo Jumapili usinililie. Mila yenu inataka mgeni asimuliwe, haikumtaja msimulizi. Nenda ukampokee mjomba stendi, umweleze yote njiani, taratibu, na ukitaka kulia lia, ni dada yako. Akifika nyumbani atakuwa ameshasimuliwa, na aliyesimuliwa huketi. Kigoda kimeshaoshwa, akikalie yeye. Wewe na Kezia mna maharage ya kuchambua.