Mkono Wangu Ukutani kwa Sonara

Jumanne, Tassia

Eti, "Pole madam, bila karatasi ya waranti hatukujui." Yule muuzaji wa sonara, majivuno matupu na tai shingoni, ameishika pete yangu ya ndoa kama uchafu. Jiwe limedondoka na Baba Kevin bado hajui. Naogopa kumwambia.

Karatasi ililowa mvua mkokotenini tukihama Ziwani. Nikamweleza. Akanitazama kama naomba msaada.

Na nyuma yake ukutani wametundika picha kubwa ya mkono wenye pete. Mkono wangu! Waliupiga picha wenyewe siku tulipoinunua pete, hata kovu la kuungua jikoni linaonekana. Nikauweka juu ya kaunta. Akatazama ukuta, akatazama kovu.

"Picha si risiti, madam."

"Basi iteremshe. Unatangazaje biashara kwa mkono wa mtu usiyemjua?"

Wateja wawili wakavua pete walizokuwa wakijaribu.