Moto Katika Chumba cha Baba Mkwe

Jumanne, 8 Julai
Siku ya ishirini na tatu nikiitwa mke wa Mutua. Jamani, utamu! Mutua wangu amepasua kuni akiniimbia. Baba mkwe amefika kwetu Kitui kutoka Ikutha. Baridi, manyunyu. Amesifu muthokoi yangu ya mahindi na maharagwe. Nimempelekea jiko la makaa, nikaliacha mlangoni. Mkaza mwana haingii anakolala baba mkwe. Hiyo ndiyo nthoni, heshima yetu. Amelivuta ndani mwenyewe, akafunga mlango.

Jumatano, 9 Julai
Baba amefariki. Mutua amemkuta kitandani asubuhi. Hakuwa mgonjwa. Jirani alinitolea jiko mle chumbani nichemshie wageni chai. Polisi walipofika, hawakuliona. Wifi yangu Mwende akauliza, "Alikula nini? Alipikiwa na nani?"
Macho yote kwangu.

Ijumaa, 11 Julai
Mwende amemwaga chai yangu mbele ya wazee wa kanisa. "Huyu wa Kathonzweni ametuletea dawa!" Mutua ameokota kikombe bila kunitazama. Hilo linaniua. Maiti itapasuliwa Jumatatu. Je, mahindi yangu yalikuwa na kuvu? Naogopa. Naogopa sana.

Jumatatu, 14 Julai
Mutua alishuhudia upasuaji. Baba hana jeraha, moyo mzima. Lakini ngozi ina wekundu wa waridi, na damu inang'aa kama ya mtu hai. Daktari akauliza: chumbani kulikuwa na moto? Mutua akajibu hapana. Asubuhi ile hakuliona jiko nyuma ya mlango.
Nikalikumbuka jiko. Nikinyamaza, wataamini nilimpa sumu. Nikisema, jiko lililomuua ni langu.
Nimesema. Mutua ametoka nje.

Jumanne, 15 Julai
Mpelelezi amepima dirisha, amemhoji jirani. Akaniuliza kwa nini sikuingia kulifungua. "Nthoni," nikasema. Kalamu yake ikasimama. Naye ni Mkamba; anaijua.

Jumatano, 23 Julai
Majibu ya maabara. Chakula hakina sumu. Damu imejaa hewa ya sumu itokayo kwenye makaa. Chanzo cha kifo: hiyo hewa. Namna ya kifo: ajali. Mutua amenisomea mara mbili, polepole. Mwende amesikiliza, ameinama.

Alhamisi, 24 Julai
Tumemzika Baba, Ikutha. Wakati wa maombi Mutua alikuja akaketi kando yangu kwenye benchi. Bega lake likagusa langu. Sijui kama amenisamehe. Hakuliondoa.