Mbwa wa Bibi Sinfi

Jumapili, 2 Oktoba 1983

Leo nimepata kiwanja cha kukaa majira yote ya baridi. Bado si chetu, lakini nimekipata. Bwana Maltby, mwenye kabichi kando ya mfereji mkuu, ana sungura wengi kuliko kabichi. Safu za pembeni zimegugunwa, zimebaki vikonyo. Nikamwambia, Bwana, mimi Ambrose Herron nimezaliwa chini ya mkokoteni, mbwa huku na mbwa huku. Nipe kona ya shamba, karavani mbili tu, nami nitakusafishia sungura ukingo wote wa mfereji.

Bunduki hataki, farasi wa mkewe wanapagawa. Mitego ya waya ndiyo kabisa hataki kuisikia. Mwaka jana watu wawili walimwapia kwamba wana mbwa, kumbe wanatega waya, na mbwa wake wa kondoo akapoteza mguu. Kwa hiyo mbwa tu, na amwone kwa macho yake akikamata. Jumamosi ya tarehe 15. Akiridhika, tunakaa mpaka Pasaka. Asiporidhika, Jumapili tunang'oa kambi.

Tumepeana mikono. Trenit, binti wa marehemu dada yangu, atajifungua katikati ya mwezi wa kumi na moja. Mumewe yuko kaskazini kwenye kazi ya barabara. Sisi ni watu wa karavani, wa kuhamahama, na polisi wametuhamisha mara nne tangu Agosti. Sitaki mtoto aje duniani kwenye kichochoro cha malori.

Kuna jambo moja dogo. Sina mbwa. Mbwa wangu Kapteni alikufa masika. Sikumwambia Bwana Maltby — hakuniuliza.

Jumanne, 4 Oktoba

Nimekwenda kwa Levi Gray, mfuga mbwa wa kwetu, kumwona mbwa wake dume. Nusu mbwa wa mbio, nusu mbwa wa Waarabu wa jangwani. Mrefu! Mgongo kama upinde, kifua kama ngalawa, masikio ya hariri. Nimeona mbwa wengi maishani, na wangu wa zamani, yule aliyekuwa akikimbia hadi kivuli chake kinabaki nyuma kikihema, naye angempisha huyu njia. Levi akamwachia kwenye uwanja wa shayiri iliyovunwa. Nilisahau kupumua.

Nilikuwa nimeshanyoosha mkono tupatane, Trenit akanivuta koti.

"Mjomba, ukingo wa Maltby una upana gani?"

"Hatua kumi na mbili, kumi na tano."

"Na sungura akitoka kula anakaa mbali kiasi gani na shimo lake?"

Nikapima kwa macho: hatua tano, sita.

"Huyu akimaliza kugeuka," akasema, "sungura yuko ndani anakunywa chai."

Levi alicheka hadi akakaa chini. Mimi nilikuwa nimeshaliona hilo, nilikuwa nampima tu Trenit.

Alhamisi, 6 Oktoba

Mwingine. Kijike kidogo, mama mbwa wa mbio wa kimo cha goti, baba wa ile aina yenye manyoya kama ya mwanakondoo. Mwepesi kama kiroboto. Moyo anao. Lakini mvua ilipoanza alitetemeka kama jani, na ngozi yake ni karatasi, kila waya wa uzio umemwandika jina. Mbwa mzuri wa kiangazi. Mimi nataka wa Novemba.

Siku tisa zimebaki.

Jumamosi, 8 Oktoba

Nimempata. Naandika polepole ili nisiharibu.

Bibi Sinfi Loveridge, mkongwe wa watu wetu, anahamia kwenye nyumba ya matofali kwa mwanawe mjini Spalding, ghorofa ya tatu, na mbwa hawaruhusiwi. Ana jike la miaka saba, jina Nell. Nusu mbwa wa mbio, nusu mbwa wa kondoo. Huo ndio mchanganyiko, baba yangu aliusema na mimi nausema. Mbwa wa mbio ana miguu, lakini kichwani ni uwanja mtupu. Mbwa wa kondoo ana akili kuliko mchungaji wake, ila miguu haimtoshi. Wakichanganyika sawasawa unapata mwizi mwenye shahada.

Kwa sura si kitu. Rangi ya majivu ya jana. Sikio moja limesimama, jingine limelala. Manyoya makavu kama ufagio — mvua inateleza tu. Nikamshika miguu: vidole vimefumbana kama ngumi. Kiuno kipana. Meno yote yapo. Alinitazama mimi wakati nikimtazama yeye, na sina hakika nani alimaliza kwanza.

Nikamwuliza Bibi Sinfi maswali yangu saba, kama desturi, mbele ya Trenit awe shahidi. Kwa watu wetu muuzaji hadanganyi anapoulizwa, wala hasemi asichoulizwa.

Kondoo? "Anapita katikati yao kama mchungaji wa kanisa." Kuku? "Hulala nao." Hubweka akikimbiza? "Sijui sauti yake." Waya? Anauruka. Hukamata vipi? "Kwa mdomo laini, anakuletea akiwa hai mkononi." Baridi? Maji? Ndiyo na ndiyo.

Kisha akamwachia kwenye kipande cha nyasi nyuma ya kambi. Sungura alikuwa hatua sita tu kutoka shimoni kwake. Nell hakukimbia. Alitembea, akiangalia kwingine kabisa, kama mtu anayepita kwenda posta. Alipofika kati ya sungura na shimo lake ndipo aligeuka. Mara moja. Basi. Akamleta, akamweka mkononi mwa bibi, sungura mzima, amekasirika tu.

Machozi yalinitoka. Upepo.

Trenit akaninong'oneza, "Mjomba, uliza kama kuna jambo jingine."

"Mtu ajuaye mbwa haulizi hivyo," nikasema. Ukiuliza hivyo umekiri kwamba macho yako hayatoshi. Nikatoa hatamu zangu zenye mapambo ya shaba, za gulio la farasi la Stow, tukapigiana viganja mara tatu, biashara ikafungwa. Bibi Sinfi akambusu Nell kwenye sikio lililolala, akaingia ndani, hakutoka tena.

Jumatatu, 10 Oktoba

Sungura kumi na wawili! Ukingoni, kabla ya kifungua kinywa. Nilisimama tu nikipokea kama karani. Nell anajua kila shimo, kila kona ya ukingo ule, kana kwamba ana ramani.

Nilimpelekea Bwana Maltby wanane. Akawageuza, akawatazama shingo kama kuna alama ya waya. Hakuna. "Hata wa kununua sokoni hawana alama," akasema. "Jumatano nitapita nimwone." Nikamwambia njoo, lete na kiti.

Trenit amepika mchuzi wa sungura na viazi na vitunguu. Amekula sahani mbili. Anasema mtoto naye alipiga teke akitaka ya tatu.

Jumatano, 12 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Alfajiri nzuri, ukungu kidogo. Nell alimkatia njia sungura mbele ya shimo, akamchukua, anakuja kwangu kichwa juu. Bwana Maltby akaruka lango kwa nyuma yangu, na buti zake kubwa, na fimbo.

Nell akasimama. Akamweka sungura chini, taratibu, kama mtu anayerudisha kikombe kwenye sahani. Sungura akaenda zake. Nell akaanza kunusa maua ya ukingoni. Akaja kwetu, akanipita bila hata kunitazama, mimi, niliyemlisha ini usiku uliopita. Alipofika kwa Bwana Maltby akamtikisia mkia mara moja, kwa adabu, kama jirani. Kisha akaondoka zake upande wa barabara.

"Mbwa wa nani yule?" akauliza Bwana Maltby.

"Wangu."

"Mbona hakujui?"

Nilisema leo ana mafua.

"Ambrose, mwaka jana nilidanganywa na watu wawili. Mwaka huu mmoja anatosha. Jumamosi." Akaenda.

Nilirudi kambini nikamkuta Nell amelala chini ya karavani, makucha yamepangwa, kama hajatoka tangu jana. Alikuwa amezunguka kwa daraja la mbali, maili mbili. Trenit anasema alifika akihema, kisha akanywa maji, akajilaza na kujikausha uso kabla sijafika.

Alhamisi, 13 Oktoba

Nimepanda basi hadi Spalding. Ghorofa ya tatu. Bibi Sinfi amekaa kwenye kiti cha mwanawe kama mgeni hospitalini, kiko cha tumbaku kinywani bila moto.

"Bibi, umeniuzia mbwa kichaa."

"Nimekupa mbwa wa miaka saba wa kazi. Amefanya nini?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka kiko kikaanguka. Kisha akaacha kucheka, akafuta machozi, na hayakuwa ya kicheko yote.

"Kumbe bado anakumbuka. Miaka mitatu, we kijana, miaka mitatu nilimfundisha hilo." (Nina miaka hamsini na mbili.) "Akiona mwenye shamba, anaacha alichonacho, hanijui, simjui. Anarudi nyumbani kwa njia ndefu ili asifuatwe. Hakuna mlinzi aliyewahi kunikuta na hata unyoya. Wangapi wana mbwa wa namna hiyo?"

"Hakuna," nikasema. Ni kweli. Nimewasimulia watu juu ya mbwa wa namna hiyo miaka thelathini. Sikuwahi kumwona.

"Ulimfundishia wapi?"

Akaangalia dirishani.

"Ukingo wa Maltby," akasema. "Kwa buti zake yeye mwenyewe. Miaka sita tumekula pale, mimi na Nell. Zile buti anazisikia tokea ng'ambo ya mfereji."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Na ningejuaje kwamba Ambrose Herron ameanza kuwinda kwa ruhusa?"

Nilikaa naye saa nzima. Aliniuliza Nell anakula nini, analala upande gani.

Ijumaa, 14 Oktoba

Nilimwomba mke wa Bwana Maltby koti kuukuu la mumewe, nikalivaa, nikatembea ukingoni na fimbo ili Nell azoee. Alinifuata akinilamba mkono. Anajua tofauti ya mtu na koti. Ningemtukana, lakini nitamtukana kwa lipi? Kwa kuwa na akili?

Nilitaka kwenda kumwomba Levi dume lake kwa siku moja. Trenit akasema mbwa yule atageukia ndani ya mfereji. Nikasema basi nitamwambia Maltby kwamba Nell ameumwa na nyoka.

"Mwezi wa kumi, mjomba? Nyoka gani, mwenye koti?"

"Wewe ungesema nini?"

"Ukweli."

"Hataamini. Mimi mwenyewe nikiusikia nisingeamini. Na nikimwambia, nimekiri watu wetu wamekula sungura wake miaka sita."

"Sungura aliotaka waliwe," akasema. Alikuwa ameshika kiuno kwa mikono miwili, anapumua juu juu. Miguu yake imevimba, haingii tena kwenye viatu, amevaa vyangu. "Mjomba, mimi sipakii tena vyombo. Useme chochote unachotaka, lakini mimi sipakii."

Nimekaa na daftari hili. Nimesema uongo mwingi mzuri maishani, na mwingi ulininunulia chakula. Ukweli nilio nao ni huu mmoja, nao una sura ya uongo kuliko wote.

Jumamosi, 15 Oktoba

Naandika kwa penseli, nimelala kwa tumbo kwenye majani yenye maji. Nitaeleza haraka.

Saa moja asubuhi nilikwenda mlangoni kwa Bwana Maltby kabla hajavaa buti. Nikavua kofia. Nikamwambia yote, bila kuongeza hata mbwa mmoja. Ilikuwa fupi. Sikujua hadithi ikiachwa hivyo ilivyo huwa fupi kiasi hicho.

Bwana Maltby akasogea hadi kizingitini.

"Miaka sita?"

"Sita."

"Ukingo huu huu?"

"Huu."

"Yule mbwa wa kijivu... Niliwahi kumpa mkate. Nilidhani amepotea."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Nikasema huyo, anapiga simu polisi. Nikahesabu vitu vya kupakia. Mlango ukafunguka, akatoka na soksi mbili za sufi, bila buti, bila fimbo, koti la mkewe mabegani.

"Nionyeshe," akasema.

Basi tupo hapa, nyuma ya makreti ya kabichi, yeye na mimi, bega kwa bega. Mtu mzito, analala vibaya, soksi zimelowa. Trenit yuko juu kwenye lango na tumbo lake, ndiye atakayempokea Nell. Nilimwonyesha Bwana Maltby namna ya kuweka kidevu chini. Anajifunza upesi.

Nell ametoka. Anatembea kama anakwenda posta. Bwana Maltby ameniuliza kwa nini hakimbii. Nimemwambia subiri.

Amegeuka. Amemkatia njia.

Nimesikia Bwana Maltby akisema kitu kwa sauti ndogo, kitu cha kanisani.

Anakuja upande wetu, sungura hai mdomoni, miguu inapiga hewa. Lazima atupite ili afike langoni. Hatua ishirini. Upepo ulikuwa mbele yetu, sasa umezunguka, nausikia shingoni, unampelekea harufu yetu. Hatua kumi. Amesimama. Sikio lililolala limenyanyuka. Anatazama makreti. Hajamweka sungura chini. Mguu mmoja wa mbele uko hewani.

Trenit hamwiti. Msichana mwenye akili, hamwiti.

Bwana Maltby amelaza uso mzima kwenye matope yake mwenyewe ili asionekane. Ananong'ona kwenye udongo nisitikisike na niache kuandika, karatasi inang'aa