Kitambaa cha Bodi

Mama,

Likizo imeisha, nimerudi chuo Kabianga. Chai iko kwa thermos. Vifaranga wamekula, wote wako hai.

Ile bodi yangu ndogo ya kompyuta inayowawashia vifaranga balbu wakisikia baridi haijaharibika. Nimelaumu programu, nimelaumu stima, hata paka nimemfukuza bure. Leo asubuhi balbu ilikuwa imezima tena na vifaranga wamerundikana wakitetemeka. Nikashika waya wa USB, ukacheza kama jino la mtoto. Kumbe kila ukimaliza kufagia unaifunika bodi na kitambaa ulichoishonea, kama redio ya sebuleni, na nyuzi zinanasa waya na kuuvuta.

Nimeufunga waya kwa mpira kwenye ubao ulio chini ya bodi. Balbu ikizima, sukuma kichwa cha waya polepole mpaka taa ya bodi iwake.

~~Usifunike bodi tena.~~ Ishonee kingine, kidogo, kisifike kwa waya.

Hiki cha sasa nimekibeba chuo. Tangu nianze chuo hujanishonea hata kimoja, na bodi imepata kabla haijamaliza mwezi hapa nyumbani.

Kifungua mimba wako,
anayefuata baada ya bodi